Mguu Uliofika Kinole Kabla ya Mwenyewe

Mtanivumilia kwa mwandiko huu. Maisha yangu yote nimeshika randa na msumeno, na kalamu nimeishika siku za kulazimika tu, kwa hiyo herufi zangu zimelala ovyo kama mbao zilizoanikwa na mtu mwenye haraka. Mjukuu wangu anayenakili kurasa hizi ananisimamisha kila mstari kuniuliza kama hii ni herufi au ni alama ya mbu aliyepigwa. Maneno ya Kidachi, yaani Kijerumani, yatakayokuja huko mbele ni mabaya zaidi, maana sikuyaona yameandikwa hata siku moja. Yaliingia kwa sikio, yakakaa kinywani, na leo ndiyo mara ya kwanza yanatua kwenye karatasi. Anayejua yanavyoandikwa asinicheke. Au acheke kwanza, halafu anisahihishe.

Masika yaliyopita nilimzika mke wangu, Monika. Baada ya matanga binti zetu waligawana vitu vya mama yao, huyu kachukua vyungu, yule kachukua kanga, wakizungumza polepole kama watu wanaogawana wakati mwenyewe amelala chumba cha pili. Ubao mmoja wa mraba waliuacha mezani. Kila mmoja aliuzunguka kama unavyomzunguka kuku anayeatamia. Ubao ule ndio umenikalisha kitini kuandika, na sitaandika mengi, ni mwaka mmoja tu. Habari za ukoo wangu na utoto wangu zinafanana na za jirani yangu yeyote, mwulizeni yeye. Lakini mwaka ule haufanani na wa mtu, na ninapoukumbuka hata leo bado kuna mambo yake najiuliza.

Ulikuwa wakati wa Wadachi. Treni ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, na kila kitu pale mjini kilitaka mbao: nyumba za stesheni, milango, meza za ofisi, vitanda. Mimi nilikuwa kijana wa kuanza kunyoa ndevu, najifunza useremala kwenye misheni moja chini ya mlima. Shule nilisoma ile ya kujua kusoma, kuandika na kujumlisha, ikaishia hapo. Nilikuwa na haya. Sisemi haya ya adabu, ile ambayo wazazi huisifu; yangu ilikuwa kama ugonjwa. Mtu akinisalimu nilijibu moyoni na midomo ikabaki imefungwa, na hadi niifungue, mtu ameshapita. Kwenye karakana walizoea. Walisema mbao zikitaka kupasuka hupiga kelele, Damiani hata akijikata na patasi hapigi.

Mkuu wa karakana alikuwa Mdachi, bruda mnene mwenye ndevu nyekundu, na sisi tulimwita Bruda tu kana kwamba hakuna mwingine duniani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila kizito, kila neno akiliweka chini kama jiwe la msingi. Mwanzoni mwa mwaka ule alianguka kutoka kwenye dari ya ghala akavunjika mguu. Nakumbuka alivyolala pale chini, jasho linamtoka, na badala ya kulia akatuelekeza tuchonge vibao viwili vya kuufungia mguu, upana wake kiasi gani, tulainishe upande upi. Vya kwanza alivikataa. Alisema havikupigwa randa vizuri.

Basi akawekwa kwenye kiti barazani kwake, mguu umenyooshwa juu ya sanduku la misumari. Baraza ile naiona hata sasa. Ilinuka dawa, tumbaku na supu ya viazi. Kulikuwa na meza ndogo, birika la bati, na mkate mgumu ambao alitukatia vipande nasi tukaufukia kwenye mchuzi ili ulainike. Kwa mtu aliyezoea kupanda ngazi kutwa nzima, kukaa pale kulikuwa kifungo. Baada ya siku chache alimwita Tobia, rafiki yangu, aliyekuwa na maneno ya kututosha sisi wawili, akamwambia acheze naye mchezo. Tobia alirudi karakanani kabla randa yangu haijapoa. "Amenifukuza," alisema. "Ati nasema mno na sitazami ubao. Ameniambia, niletee yule samaki."

Samaki nilikuwa mimi.

Mchezo wenyewe uliitwa Myule. Bruda aliuchora kwa penseli ya seremala kwenye kifuniko cha sanduku: mraba mkubwa, ndani yake mraba wa kati, ndani yake mraba mdogo, na mstari mfupi katikati ya kila upande kuiunganisha yote mitatu. Kila mchezaji ana kete tisa. Mnaziweka moja moja kwenye makutano ya mistari, kwa zamu, na zikiisha mkononi mnaanza kuzisogeza. Ukipanga kete tatu kwenye mstari mmoja, unasema "Myule!" na unaondoa kete moja ya mwenzako. Akibaki na mbili tu amekwisha. Mimi nilikuwa nalijua bao, kama kijana yeyote wa kwetu, lakini kwenye bao kete ni za wote, leo zako kesho zangu, zinazunguka. Hapa kete yako ikitoka imetoka. Jambo lile lilinishangaza sana. Nilitembea nalo njiani, nikalala nalo.

Siku ya kwanza nilicheza zamu yangu nikanyamaza, nikisubiri. Bruda naye alinyamaza, anatazama mawingu. Tukakaa hivyo mpaka supu ikapoa. Mwisho akasema, "Damiani, kwa nini huchezi?" Nikaonyesha kwa kidole kwamba nimeshacheza. Akatikisa kichwa. "Hujasema. Kwenye mchezo huu, ukimaliza lazima useme: du bist dran. Maana yake, zamu yako. Usiposema, zamu haijaisha, na tutakaa hapa hadi Krismasi."

Nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mlango usiotiwa mafuta. Lakini angalieni jambo hili, maana nimelifikiria miaka mingi: neno lile halikunitia haya. Kama angenitaka niseme "zamu yako, Bruda", ningeona ninamwamrisha mtu mzima. "Du bist dran" halikuwa langu. Lilikuwa la mchezo, kama kete zilivyo za mchezo. Nililitoa mkononi nikaliweka mezani.

Toka siku hiyo nikawa mwindaji wa maneno. Kila jioni kabla ya kengele ya sala tulicheza, na kila jioni nilirudi na kitu. "Langsam" ni polepole, alinionya hivyo nilipotaka kusogeza bila kufikiri, nami nikawa nalisema kwa randa yangu nikifika kwenye fundo la mti. "Noh ainmal" ni mara nyingine tena. "Berirt, gefirt" ni kwamba kete ukiigusa umeisogeza, hakuna kujuta, na hilo lilinifurahisha kwa sababu hata kwenye bao letu aliyechota kete hazirudishi shimoni. "Donaveta" lilikuwa la kushangaa, na Bruda alinikataza kulisema padre akiwa karibu. Nilimwuliza, kwa maneno yangu machache, hilo "dran" peke yake ni nini. Alifikiri sana, akajikuna ndevu. "Dran," akasema, "ni kama umegusana na kitu. Kimekukalia. Huwezi kukikimbia." Kila neno lilikuwa hivyo, ukiligeuza lina upande wa chini.

Na neno lingine moja sikuambiwa maana yake, nililiokota mwenyewe. Kila nilipoiondoa kete yake, Bruda aliinama mbele kutazama ubao, akakunja uso, akashika goti kwa mikono miwili na kusema, "Ah, main bain!" Hakukosa hata mara moja. Nikaona hiyo ndiyo sheria ya anayeliwa: kushika goti na kusema vile. Nililihifadhi pamoja na mengine. Mbele yake sikuthubutu kulisema nilipoliwa mimi, maana lilitaka kukunja uso, na hilo haya yangu haikuniruhusu. Nililifanyia mazoezi karakanani, peke yangu, nimeshika goti mbele ya mbao.

Sasa nieleze Kinole. Mbao zetu tulizipata huko juu, upande wa pili wa mlima, nasi vijana tulikwenda kwa zamu kukaa majuma kadhaa tukipasua magogo. Tulichimba shimo, gogo likalala juu yake, mmoja akasimama juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo, wakavutana msumeno mrefu. Tobia alikuwa wa juu, mimi wa chini. Kazi ya chini ilinifaa: ukifungua mdomo unajaa unga wa mbao. Tulikaa kwenye ardhi ya Mzee Mloka, mwenye migomba na michungwa iliyoshuka bondeni hadi huoni mwisho wake, kwa ukungu. Chakula kililetwa na mpwa wake, ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage, au magimbi na mboga ya majani ya maboga, kwenye chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Mpwa huyo ndiye Monika. Alikuwa akichungulia shimoni na kusema, "Aliye chini yuko hai?" Tobia alijibu, "Anapumua, ila hataki kukuambia."

Nilipomwambia Tobia kwamba nataka kuposa, ilinichukua njia nzima kutoka misheni hadi Kinole kulitamka. Yeye alikuwa mtani wa ukoo wa Mzee Mloka, kwa hiyo angeweza kumwambia chochote bila kosa, akakubali kuwa mshenga wangu. Kwetu mwenye kauli juu ya binti ni mjomba wake. Baba yupo na anaheshimiwa, lakini mjomba ndiye anayesema ndiyo au hapana. Mzee Mloka alimsikiliza, akasema, "Nitamtazama. Machungwa yakiiva nitajibu." Basi nikaanza kutazamwa. Nilipalilia migomba yake, nilitengeneza milango yake, nilichonga kitanda cha dada yake, Mama Monika. Nilipopumzika nilikaa kwenye kinu kilicholazwa uani. Viti vilikuwapo, ila hakuna aliyeniambia kaa.

Shida ilikuwa bao. Kila alasiri wanaume walikusanyika kwenye kibaraza cha Mzee Mloka kucheza, na bao la Kinole lilichezwa kwa mkono na kwa mdomo, tena mdomo ulikuwa nusu kubwa.

"Mzee, kete zako zimekonda," Tobia alimwambia. "Huzilishi?"

"Mtani wangu," alijibu Mzee Mloka huku akitembeza kete, "ukoo wenu hakuna aliyewahi kufika nyumbani na kitu mkononi. Mnamwaga njiani. Babu yako alimwagia pombe kaburi la mtu mwingine."

"Alikuwa analitafuta la kwenu, akakuta mmejificha!"

Watu wakaanguka kwa kucheka. Kisha Mzee Mloka akanitazama. "Na wewe, fundi, njoo."

Nilikaa, macho chini. Kwetu kijana anayeposa hamtazami mjomba wa binti usoni, hali naye sinia moja, wala hamtupii neno la mzaha. Kwa hiyo nikacheza kimya. Nilicheza vizuri, maana nilijua kufikiri, na kadiri nilivyokula kete zake ndivyo kibaraza kilivyozidi kupoa. Mtu anayekula kete za mzee bila kusema kitu anaonekana ana kiburi, au anamroga. Na kama ningesema, ningekuwa nimemvunjia heshima mkwe. Nilishindwa kwa makusudi mwishoni ili nitoke pale, na Mzee Mloka aliliona hilo pia. Alikusanya kete akaingia ndani.

Siku ya pili mvua ilinyesha kutoka asubuhi, nami nilikuwa nyuma ya jiko napiga ribiti kwenye bawaba. Ukuta wa jiko ulikuwa wa miti na udongo, na sauti zilipita. Mzee Mloka alikuwa ndani, anaota moto pamoja na dada yake.

"Mmeniletea gogo," alisema.

"Gogo linalochonga vitanda," alijibu Mama Monika. "Kile nilicholalia jana hakilii hata nikigeuka."

"Kitanda hakilii, na mwenyewe hasemi. Mpwa wangu ataishi na nani? Wewe unaijua mvua ya huku. Inakaa miezi. Mtoto atakaa ndani na mwanamume miezi, azungumze na nani? Na jiko?"

"Pengine hasemi na wewe tu."

"Basi na aseme na mimi. Machungwa yanakaribia. Nisiposikia sauti yake, jibu langu ni hapana, na wewe usinililie."

Nilisimama pale mvua inanipiga mgongoni. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu aliyefikiri. Na hata leo, mvua ikinyesha juu ya bati langu na nyumba imenyamaza, naona alikuwa na haki ya kuuliza.

Ilibidi nipate sauti ambayo haitamvunjia heshima. Nilirudi misheni na mbao, nikacheza na Bruda jioni ile, na niliposema "du bist dran" nikalisikia neno lenyewe kana kwamba limesemwa na mtu mwingine. Lilikuwa neno la kumwambia mtu yeyote, mkubwa au mdogo, na mchezo ndio uliolitaka. Nikachonga ubao. Nilipopanda tena Kinole niliubeba mgongoni, nikauweka kwenye kibaraza mbele ya Mzee Mloka, nikapanga punje za mahindi upande wake na maharage upande wangu. Tobia akaeleza sheria, nami nikimsahihisha kwa vidole. Kisha nikacheza zamu yangu ya kwanza, nikainua kichwa kidogo, nikasema, "Du bist dran."

"Amesemaje?" aliuliza Mzee Mloka.

"Ni sheria, mzee," alisema Tobia. "Asiposema hivyo zamu haijaisha. Na wewe useme ukimaliza."

"Si tusi?"

"Ni sheria ya Wadachi. Hata gavana akicheza anasema."

Mzee Mloka aliijaribu mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Du bist dran," akasema, na watu wote wakaguna kwa kuridhika. Niliwafundisha yote. Niliwafundisha langsam, na noh ainmal, na berirt gefirt. Na kete ya kwanza ya Mzee Mloka ilipotoka, nilifanya lile ambalo sikuweza kulifanya mbele ya Bruda. Kwa kuwa lilikuwa sheria, na sheria haifundishwi nusu, nilikunja uso, nikashika goti kwa mikono miwili, nikasema kwa ajili yake, "Ah, main bain!" Yeye akashika lake, akasema. Alilisema vizuri kuliko mimi. Alikuwa na magoti ya uzee, alijua uso unavyokunjwa.

Mchezo ulishika Kinole kama moto wa kiangazi. Watoto waliuchora mavumbini njiani, wanawake waliuchora kwa mkaa kwenye mawe ya kufulia. Ukipita kwenye migomba ulisikia bondeni mtu akilia "Ah, main bain!" na mwingine akicheka. Nami pale kibarazani nikawa na maneno, machache, lakini yangu na ya wote. Mzee Mloka alianza kuniita mwenyewe alasiri. Hata hivyo sikuwa nimevuka. Jioni moja nilimsikia akimwambia Tobia, "Anasema kama kasuku. Namtaka mwenyewe, simtaki kasuku." Machungwa yalikuwa yameanza kugeuka rangi.

Monika alijifunza kwa kutazama kutoka mlangoni mwa jiko. Siku moja aliniletea bakuli la ndizi pale kwenye kinu, akaliweka mikononi mwangu, akasimama. Kwa kawaida huondoka. Nikala, akasimama tu. Mwisho akasema polepole, bila kucheka, "Du bist dran," akaenda zake. Nilibaki na bakuli. Sikuwa nimejua kwamba maneno yale yanaweza kutembea bila ubao.

Mwishoni mwa mwaka mguu wa Bruda ulipona, ila alichechemea, na akaja Kinole kwa machela kutazama magogo. Tobia alikuwa amemwomba aniombee neno kwa Mzee Mloka. Mzee alimpokea kwa heshima kubwa. Kuku alichinjwa, machungwa yakamenywa yakapangwa kwenye sinia, na kabla ya chakula ubao wangu ukaletwa. Bruda alipouona aling'aa uso. "Myule! Huku juu?" Wakakaa, wazee wawili, na kijiji chote kimewazunguka. Kila mmoja alisema "du bist dran" kwa zamu yake, na Bruda kila mara aligeuka akanitazama kwa mshangao.

Kisha Bruda akapanga kete tatu, akasema "Myule!", akaondoa punje ya kwanza ya Mzee Mloka. Na Mzee Mloka, kwa adabu yote aliyokuwa nayo, mbele ya mgeni wake, alikunja uso, akashika goti kwa mikono miwili, akalia, "Ah, main bain!" Na wanaume wote kibarazani, kama walivyozoea, wakashika magoti wakaitikia pamoja naye. Hata watoto uani.

Ndevu za Bruda zilikuwa nyekundu, lakini uso wake ukazipita. Aliutazama mguu wake, kisha akawatazama wote. Alirudisha punje ubaoni taratibu. "Nani," aliuliza, "amewafundisha kunicheka?"

Mzee Mloka naye akanyanyuka nusu. "Nani amecheka? Mimi nimcheke mgeni kwenye kibaraza changu mwenyewe?"

"Mimi ni kilema. Mnashika magoti."

"Nimefuata sheria yako! Unanitukana mbele ya watu kwa sheria yako?"

Nilimtafuta Tobia. Tobia, ambaye hajapata kukosa neno toka azaliwe, alikuwa anatazama paa. Mlangoni mwa jiko Monika amesimama na mwiko mkononi, ananitazama mimi tu. Mimi peke yangu pale ndiye niliyejua mambo ya barazani kwa Bruda na mambo ya kibarazani kwa Mzee. Hakukuwa na sheria ya mchezo ya kunisaidia, wala neno la kuazima.

Nilisimama kutoka kwenye kinu. Nilisema, "Bruda, shikamoo. Mzee, shikamoo." Nilikuwa nimeshawaamkia wote asubuhi. Nikaendelea tu. Nikasema hakuna aliyecheka mtu hapa. Nikasema kwamba kila nilipomla Bruda kete alishika goti na kusema vile, kila mara, nami nikadhani ndivyo mchezo unavyotaka, nikaja nikawafundisha wazee wangu kama nilivyoona, kwa moyo safi, na wao wakashika kwa moyo safi. Nikasema Mzee Mloka amekuwa akilisema vizuri kabisa kwa heshima ya watu asiowajua. Nikasema kama neno hili ni baya linatoka kwangu, na Bruda asiudhike na Kinole, na Mzee asiudhike na Bruda, maana mmoja amenipa kazi na mwingine namwomba mke. Hilo la mwisho sikukusudia kulisema. Lilitoka na mengine.

Nadhani sijawahi kusema mengi kiasi kile kwa mara moja, kabla wala baadaye.

Bruda aliitazama ile punje ubaoni. Midomo yake ilikuwa inatafuta kitu. "Damiani," alisema, "main bain ni mguu wangu. Nilipoinama uliniuma. Ni hivyo tu." Akawageukia watu. "Kwa hiyo mguu wangu umefika Kinole kabla yangu?"

"Umefika zamani," alisema Mzee Mloka. Alikaa chini polepole. "Tumekuwa tukiuguza mguu wa mtu." Na akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha tumbo, na Bruda naye akafuata, akiushika mguu wake maana ulikuwa unamuuma kweli. Mtu mmoja akauliza kama sasa tuliache neno lile. Bruda akakataa. Alisema aliyepoteza kete yake ana haki ya kulia mahali fulani, na goti ni mahali pazuri.

Mzee Mloka alifuta macho. Hakunitazama mimi, alitazama jikoni. "Dada," akaita, "umemsikia? Mwaka mzima namlisha ndizi, leo ndiyo nasikia sauti yake. Tena si mbaya. Mletee mkwe kiti, kinu ni cha kutwangia." Kisha akamgeukia Bruda, akaisogeza ile punje mwenyewe nje ya ubao, kwa kuwa ilikuwa imeliwa kihalali. "Haya. Du bist dran?"

"Hapana," alisema Bruda. "Zamu ni yako."

Tulioana baada ya machungwa kuvunwa. Ubao ulio mezani mwangu si ule, ule ulikwenda na Mzee Mloka. Huu niliuchonga baadaye, kete nyeupe za mchungwa kwangu na nyeusi za mpingo kwa Monika. Wadachi waliondoka, Waingereza wakaja nao wakaondoka, na sisi wawili kila masika tulikaa mlangoni tukicheza, mvua ikinyesha miezi yake. Sikuwa msemaji hata hivyo, mzee wa watu alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini kila zamu ina neno lake, na baada ya neno moja lingine huja lenyewe. Hivyo ndivyo tulivyozungumza maisha yetu, kati ya kete na kete.

Niliwahi kukutana na mtu aliyefanya kazi na Wadachi miaka mingi huko pwani. Aliniambia Myule wao huchezwa kimya, na kwamba hakuna sheria ya kusema "du bist dran" ndipo zamu iishe. Nikakumbuka ile jioni ya kwanza, supu ikipoa, na Bruda akitazama mawingu. Kama sheria ile aliitunga palepale kwa ajili ya samaki mmoja, basi alinificha vizuri sana, na sijui nimshukuru wapi.

Mwaka wake wa mwisho Monika alivimba miguu. Tulicheza bado, ubao juu ya kitanda. Wakati mwingine alishika goti na kusema, "Ah, main bain," nami nikatazama ubao kwanza, nijue ni kete ipi imetoka, kisha nikamtazama yeye. Hakuna kete iliyokuwa imetoka.

Nyinyi mnaosoma, kama yupo kati yenu anayejua maneno haya, aniandikie. Aniambie yanavyoandikwa, na kama kweli kwao wanacheza kimya. Na kama yupo anayejua mchezo tu, bila maneno, huyo namtaka zaidi. Nimepanga kete nyeusi zote tisa upande wa pili wa meza. Nimeanza mimi, kwa sababu ubao ni wangu: kete yangu nyeupe ya kwanza iko kwenye mraba wa nje, kona ya juu, upande wa kulia. Berirt, gefirt, siwezi kuirudisha. Niandikieni yenu mnaiweka wapi, nami nitaiweka hapo kwa mkono wangu. Sina haraka, mvua ndiyo kwanza imeanza.

Du bist dran.